Kufua na Kuchachaga: Nguo Laini Kutoka Forodhani Hadi Kwa Sadala

Kiswahili cha zamani kina vitenzi viwili vya kuosha nguo, na kati ya hivyo kimoja tu ndicho kilichobaki vinywani mwa wengi. Kufua ni kupiga. Mfua chuma hukigonga chuma juu ya fuawe, mfua nazi huipigiza nazi kwenye kifuo, na mfua nguo huipigiza nguo juu ya jiwe au ubao mpaka taka zikubali kutoka. Kuchachaga ni kazi nyingine kabisa. Ni kuosha kwa kiganja na vidole, kwa kubonyeza na kuachia, nguo ikiguswa tu na jiwe badala ya kupigizwa. Kamusi za mwanzoni mwa karne ya 20 zilivitenga vitenzi hivi kwa uangalifu. Watu wa leo husema kufua kwa vyote viwili, hata wanapoosha kitambaa ambacho pigo moja lingekichana.

Lugha haikuweka maneno mawili pasipo sababu. Palikuwa na nguo za namna mbili, na palikuwa na watu wa namna mbili waliozivaa. Historia hiyo ilianza pwani, ikapanda na misafara hadi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na leo inaonekana waziwazi mahali ambapo msomaji wa visiwani huenda asingepatafuta: katika soko la Kwa Sadala, wilayani Hai, kando ya barabara kuu ya Moshi kwenda Arusha, mbele kidogo ya daraja la Mto Kikafu. Jina lenyewe lina mlio wa pwani. Hapo mikungu ya ndizi hushushwa kutoka Masama na Machame, na hatua chache kutoka kwenye mikungu hiyo hutandikwa maturubai yenye sweta za sufu, blauzi za hariri na magauni ya harusi yaliyovaliwa mara moja katika nchi nyingine. Anayenunua vazi kama hilo kwa bei ya mche wa sabuni huondoka na tatizo lile lile lililowapa wahenga wetu vitenzi viwili.

Kitambaa kilichoijaza forodha ya Unguja katika karne ya 19 kilikuwa merekani, pamba nzito isiyopaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya New England na kuletwa na merikebu za Salem. Mkataba wa biashara baina ya Sayyid Said na Marekani ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Unguja kuwa balozi wa kwanza wa nchi yake. Merekani ilikuja na rangi ya kahawia hafifu na ugumu wa wanga wa kiwandani, nayo haikuogopa jiwe. Kadiri ilivyopigwa ndivyo ilivyolainika na kuelekea weupe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipoikata pamba ya Marekani, viwanda vya Bombay vikaanza kuchukua nafasi, lakini jina la kitambaa halikubadilika. Kaniki nayo, nguo ya nili, ilivumilia kipigo, ijapokuwa ilimwachia mfuaji alama ya samawati mikononi.

Ndani ya makasha ya wenye uwezo zilikuwamo nguo nyingine: melimeli na doria, ambazo ni pamba nyembamba za kupitisha mwanga, bafta laini, atilasi, mahameli, hariri za kutoka Uhindi na Maskati. Hizo ndizo zilizochachagwa. Joho la sufu lenye zari halikutumbukizwa majini hata kidogo. Lilianikwa kivulini, likakung'utwa, likafukizwa. Chetezo kiliwekwa chini, nguo ikatandazwa juu ya kiunzi cha miti, na moshi wa udi ukapanda taratibu kwenye nyuzi. Wageni wengi wameuandika ufukizo huu kama anasa tupu. Ulikuwa pia njia ya kuipumzisha nguo na maji, na kila anayejua nguo anajua kwamba maji huichosha hariri kuliko mwili unavyoichosha. Kofia ya vitobo ilikuwa na utaratibu wake: ikiisha kuoshwa kwa mkono hutiwa wanga, huvishwa faruma, yaani kibao chake cha mviringo, nayo hukaukia hapo ili isirudi nyuma kwa kipimo. Kofia iliyokaushwa bila ya faruma hujulikana tangu mbali, na mvaaji wake vilevile.

Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, ameelezea nyumba ambamo nguo zilifuliwa kila siku na watumwa, na ambamo manukato yalikuwa sehemu ya vazi kama ulivyo uzi. Msomaji anayevutiwa na harufu ya udi katika kurasa hizo hana budi kuitazama pia mikono. Maarifa ya kuchachaga, ya kujua maji yawe na joto gani na kitambaa kikae humo kwa muda gani, yaliishi ndani ya vidole vya mtu ambaye mwenyewe alivaa kaniki au merekani. Aliyeijua melimeli kwa undani hakuwa yule aliyeivaa. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliitupa kaniki na kuvaa kanga, vazi lililokuwa jipya katika mwambao. Kwa mara ya kwanza walikuwa wakifua kitu kizuri kilicho chao.

Kanga iliongeza jambo ambalo nguo za awali hazikuwa nalo: maandishi. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi, na mtu aliyeinunua aliinunua pia kwa jina lake. Kwa hiyo utunzaji wa kanga ulikuwa utunzaji wa maneno. Ikipindwa, ikaloweshwa katika maji ya chumvi kabla ya kuvaliwa, ikageuzwa ndani nje wakati wa kuanikwa ili jua lisiile rangi, jina lilisomeka kwa miaka. Chumvi, kwa kweli, husaidia rangi za aina fulani tu, wala haiwezi kuizuia rangi mbovu isichuje. Kivuli husaidia zote.

Wakati huohuo kazi ya kufua ikawa biashara ya wanaume. Neno dobi tulilipata Uhindini, pamoja na watu wa ukoo wa kazi hiyo waliohamia Unguja, Mombasa na baadaye Dar es Salaam. Dobi hufua kwa kipimo cha idadi, naye humrudishia mteja shati jeupe lenye mikunjo kama karatasi. Vifungo ni sadaka. Maji ya visima vya mawe ya matumbawe yalimlazimisha atumie nguvu, kwa kuwa chokaa iliyomo huikataa sabuni na kuigeuza utando wa kijivu. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paani yaliwekwa akiba kwa ajili ya nguo za heshima. Katika jambo hili mkazi wa miteremko ya Kilimanjaro alizaliwa tajiri: maji yake hushuka kutoka msituni kupitia miamba ya volkeno, ni mepesi, na povu lake huinuka kwa sabuni kidogo.

Lakini Wachaga walipokuwa na maji hayo hawakuwa na nguo ya kufua. Walivaa ngozi, na ngozi hailainishwi kwa maji bali kwa mafuta. Nguo ilipanda mlimani pamoja na misafara ya Waswahili, ikawa kodi ya njia, zawadi na alama ya urafiki wa Mangi. Johannes Rebmann alipofika Kilema mwezi Mei mwaka 1848, akaiona theluji ambayo wasomi wa Ulaya walikataa kuiamini, aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia hizo kabla yake. Safari zilizofuata zilimfikisha Machame kwa Mangi Mamkinga, mwendo wa kupanda kutoka mahali ilipo Kwa Sadala sasa. Mwaka 1849 Mamkinga alimwishia Rebmann bidhaa alizokuwa amekusudia kufikia nazo Unyamwezi, vitambaa vikiwamo. Wanahistoria hupenda kukitaja kisa hicho ili kuonyesha tamaa ya Mangi. Kinaonyesha vilevile kwamba katika nchi hiyo kitambaa kilikuwa fedha, na hakuna afuaye fedha yake juu ya jiwe.

Mabadiliko makubwa yalikuja na dini na kahawa. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893. Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walikwishafika Kilema mwaka 1891. Ubatizo na kipaimara vilitaka nguo nyeupe, na weupe katika nchi ya udongo mwekundu ni mashindano yasiyokwisha. Udongo wa volkeno una kutu ya chuma ndani yake. Ukishika kitambaa kilicholowa, huingia katika nyuzi na kukaa. Reli ilipofika Moshi mwaka 1911, sabuni ya miche, buluu na pasi za mkaa vikafika kwa wingi zaidi. Wakulima wa kahawa walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, na KNCU mwaka 1933; fedha ya kahawa ikawa suti, shati la kola na gauni la Jumapili. Magadi, ambayo akina mama walikwishayazoea katika masoko yao kwa ajili ya chakula, yaliweza kuungana na sabuni kwenye karai. Kwa pamba yalifaa. Kwa sufu yalikuwa sumu, na wengi walilijua hilo baada ya sweta la kwanza kuwa dogo kama la mtoto.

Hapa inafaa kueleza kwa nini. Unywele wa sufu una magamba madogo yaliyolala upande mmoja, mfano wa vigae vya paa. Maji ya moto na magadi huyainua magamba hayo. Nguo ikisuguliwa, magamba hushikana na hayaachani tena, na sweta huwa blanketi nene lenye umbo la sweta. Hariri haina magamba, lakini ni protini kama sufu, na magadi makali huila pole pole mpaka ipoteze mng'aro. Dawa ya kupaushia yenye klorini ni mbaya kuliko yote: ile inayoyang'arisha mashuka ya pamba inaweza kuiyeyusha sufu ikaisha ndani ya beseni. Kuchachaga, kwa maji baridi au ya uvuguvugu na sabuni hafifu, ndiyo elimu yote ya nguo hizi, na elimu hiyo ilikuwa imekwisha kuandikwa ndani ya kitenzi kabla ya mkemia yeyote kuizungumzia.

Penye mfongo palikuwa na adabu nyingine. Mfereji wa Wachaga ulichimbwa na kutunzwa na ukoo au vijiji kwa pamoja, nao uliwanywesha watu, mifugo na migomba. Anayefulia juu humnywesha povu aliye chini. Mahali pa kufulia palikuwa jambo la ujirani kabla ya kuwa jambo la usafi, na beseni lililobebwa hadi uani, maji yakamwagwa kwenye shina la mgomba, lilikuwa jibu la heshima kwa swali gumu.

Miaka ya Ujamaa haikuacha kumbukumbu nzuri kwenye kamba za kuanikia. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa hadi mwishoni mwa mwaka 1983, mwaka uleule wa msako wa wahujumu uchumi. Sabuni ilikuwa adimu. Kanga ilipangiwa foleni. Wilaya za mpakani ziliishi kwa magendo na kwa hofu. Nguo za mitumba hazikuruhusiwa kuingizwa kibiashara. Katika hali hiyo watu walirudia utunzaji wa zamani bila ya kuuita utunzaji: nguo njema ilivaliwa mara chache, ikaanikwa badala ya kufuliwa, kola iliyochakaa ikageuzwa. Mavazi ya harusi yalizunguka katika ukoo mzima, na aliyeyarudisha na doa alikumbukwa.

Bajeti ya mwaka 1984 ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyeanza kazi mwaka 1985, mlango ukawa wazi. Marobota yakaingia. Watu waliyaita mavazi hayo Kafa Ulaya, kwa dhana kwamba mwenyewe lazima awe amekwisha kufa ndipo aiachie nguo nzuri kiasi kile. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuyaondoa mitumba sokoni hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya biashara, nyingine zikarudi nyuma, Rwanda peke yake ikashikilia, na mwaka 2018 mavazi yake yakasimamishwa kupata nafuu hiyo. Mabishano hayo yalihusu viwanda na heshima ya mataifa, na yalistahili kuwapo. Hayakuligusa swali dogo la nani atayafua mavazi hayo, na kwa vipi.

Kwa maana robota la baridi, ambalo miteremko ya Kilimanjaro hulihitaji kuliko pwani, limejaa nguo ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya jiwe, karai wala jua la saa sita. Nailoni ilivumbuliwa Marekani mwaka 1935 na poliesta Uingereza mwaka 1941, na zote mbili huyeyuka chini ya pasi ya mkaa kabla mpigaji hajakumbuka kuweka kitambaa kibichi juu yake. Cheche moja ikiruka kutoka tundu la pasi huacha shimo lenye ukingo mgumu, ambalo hakuna fundi awezaye kulirudisha. Sufu za mbuzi wa Kashmir huja pamoja na sufu za kiwandani, na kwa macho hazitofautiani. Fundi mzoefu huchoma uzi mmoja: ukinuka nywele zilizoungua ni sufu au hariri, ukinuka karatasi ni pamba, ukijiviringisha kuwa shanga nyeusi ni plastiki.

Kisha kuna ndizi. Utomvu wa mgomba, ukidondoka kwenye kitambaa, huonekana kama maji safi, na mtu huupuuza. Ukipata hewa hugeuka kahawia, na baada ya hapo hakuna sabuni inayouondoa. Wakulima wana nguo za migombani kwa sababu hiyo hiyo. Soko linalouza mikungu na hariri bega kwa bega ni soko lenye ucheshi wa kikatili. Watu wa visiwani wana mfano wao katika utomvu wa mkorosho, na katika doa la tambuu, lakini angalau tambuu hujitangaza kwa wekundu wake tangu mwanzo.

Mavazi magumu zaidi kuyatunza katika ukanda huu ni ya wapagazi wa mlima. Koti lililojazwa manyoya laini ya bata hupanda hadi kwenye baridi kali ya usiku wa kileleni, hurudi na jasho na vumbi, na likifuliwa kama shuka manyoya hushikana kuwa mabonge na joto lote hupotea. Lataka sabuni isiyo kali, maji mengi ya kusuuzia, kutokamuliwa, kukaushwa siku kadhaa kivulini na kutikiswa kila saa hadi manyoya yaachane. Shirika la KPAP la mjini Moshi, lililoanza mwaka 2003 kutetea hali za wapagazi, huwaazima mavazi ya mlimani bila ya malipo. Kwa mpagazi, koti lililofuliwa vibaya si suala la urembo. Watu wamekufa kwa baridi katika mlima ule.

Ajabu ni kwamba karibu kila nguo ya robota huja na maelezo yake. Jumuiya ya kimataifa ya alama za utunzaji, GINETEX, iliundwa Paris mwaka 1963. Marekani nayo ikatoa kanuni ya mwaka 1971 ya kulazimisha kila vazi libebe maelekezo. Ni maandishi ya picha tano: beseni, pembetatu, mraba, pasi na duara. Mkono ndani ya beseni maana yake ni kuchachaga. Beseni lililosokotwa kwa alama ya kukata maana yake ni lile joho la zari la Unguja: lisiguswe na maji. Pembetatu iliyokatwa huikataza dawa ya kupaushia. Nukta moja ndani ya pasi ni moto mdogo. Hakuna lugha iliyosambaa namna hii duniani ikiwa na wasomaji wachache namna hii. Kanga, ambayo nayo ni nguo yenye maandishi, husomwa na kila jicho linalopita barabarani, kwa kuwa inamsema mtu. Lebo haimsemi mtu. Inaisema nguo tu, kwa herufi ndogo, nyuma ya shingo, na vijana wengi wa sokoni wameizoea kwa sababu ya jina la kampuni lililo juu yake, ambalo ndilo hupandisha bei.

Ikifika Desemba, wenyeji wa Hai wanaoishi mijini hurudi nyumbani, harusi na vipaimara hufululiza, na magauni meupe hushuka na kupanda barabara ya vumbi ya Masama. Wanawake wazee wanaoyafua baadaye hawaulizi alama. Hukishika kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada, hukisugua mara mbili, hukisikiliza, kisha huamua kama maji yatiwe moto au yaachwe kama yalivyotoka bombani. Lebo, ikiwa bado ipo, hukatwa kwa mkasi siku ya kwanza, kwa kuwa inawasha shingoni.